Usifute, mwanangu

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu Zawadi,

Ujumbe wako wa usiku nimeusoma nikiwa mwaloni, dagaa bado sijawageuza. Unaniuliza: yule kijana mliyeachana anakutukana kwenye grupu la darasa, anatishia kusambaza picha zako usipomtumia laki mbili, je, ufute kila kitu, ubadilishe laini, yaishe?

Usifute. Na pesa usitume hata mia, maana akionja laki mbili leo, wiki ijayo atadai tatu.

Unalikumbuka daftari langu la madeni, lile lililolowa mafuta? Mteja mmoja alipolikana deni la magunia manne mbele ya mwenyekiti wa mtaa, sikubishana naye. Nilifungua ukurasa: tarehe ipo, sahihi yake ipo, kwa kalamu ya bluu. Akanyamaza. Sasa hizo meseji ndizo daftari lako. Piga skrinishoti zenye namba yake, tarehe na saa, usizikate pembeni, umtumie na dada yako azitunze. Simu usiiuze wala usiiflashi. Ukishahifadhi, ndipo umbloki.

Halafu ni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Tutaandikisha maelezo na kuchukua RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa yetu. Akitokea wa kutuambia hayo ni mambo ya mapenzi mkayamalize wenyewe, tutamtajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23: kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo ni kosa. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo inakuhusu na wewe, kwa hiyo usimrudishie hata tusi moja.

Kuhusu picha zenyewe, sitakuficha, moyo umeniuma. Ila ulimpa mtu uliyemwamini. Aliyegeuza imani hiyo kuwa biashara ni yeye, na aibu ni yake. Usikose darasa kwa ajili yake. Baba yako nitazungumza naye mimi, usimpigie kwanza.

Dagaa nimemwachia shangazi yako. Kesho alfajiri napanda basi la Tabora, kituo cha polisi tutakwenda wote. Nikifika stendi nitakupigia. Simu iwe na chaji.

Mama yako