Saratani iliyofika kwenye pingili za mgongo: kuhusu mionzi na mofini

Ndugu, umeuliza kama mama, ambaye saratani yake ya titi imeingia kwenye pingili za mgongo, akubali kupigwa mionzi ilhali mmeshaambiwa kwamba ugonjwa hauponi, na kama mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, itamfanya awe teja. Nimemuuguza baba yangu mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa vivyo hivyo, akitibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na ningemshauri mama akubali vyote viwili.

Mionzi hiyo hulenga kutuliza maumivu. Kwa wagonjwa wengi dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) hutuliza sawa na ile inayogawanywa kwa siku kadhaa, ingawa wanaopewa dozi moja huhitaji kurudia mara nyingi zaidi. Kwa mgonjwa anayeumizwa na kila tuta la barabarani, kwenda mara moja ni nafuu kubwa. Msikate tamaa mapema, kwani siku za mwanzo maumivu yanaweza hata kuzidi, na matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa. Baba alipoanza kujigeuza kitandani bila kushikwa, tulijua imefanya kazi.

Katika kipindi hicho cha kusubiri, mofini ya maji ndiyo iliyompa usingizi. Hunywewa kila baada ya saa 4 kwa kipimo cha daktari, bila kungoja maumivu yarudi, wala haikatishwi ghafla. Uteja ni nadra kwa anayeitumia hivyo kwa maumivu ya saratani. Kero yenyewe ni kufunga choo, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Tafadhali msiruhusu mtu amchue au kumnyoosha mgongo, hata kama ni jamaa mwenye nia njema, kwa sababu pingili iliyoliwa na saratani huvunjika kirahisi.

Akianza kuishiwa nguvu miguuni, kupata ganzi mapajani au sehemu za siri, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Huenda uti wa mgongo, yaani neva kuu inayopita ndani ya pingili, unabanwa, na anayetibiwa akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kutembea. Mkifika mapokezi, tangulieni kusema kwamba ana saratani iliyofika mgongoni na miguu imelegea, ili asipangwe kwenye foleni pamoja na wenye maumivu ya kawaida ya mgongo.