Ada hakuna, ila akiba lazima

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kwenda kusoma Ujerumani bila akiba, maadamu vyuo vya umma havitozi ada. Ni kweli vingi havitozi, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kizingiti ni viza: kama huna ufadhili wala mdhamini, utaonyesha euro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, yaani unachota 992 tu kila mwezi. Mimi nilituma kiasi kamili kinachotakiwa, benki ikakata makato yake, zikafika pungufu. Wiki mbili za presha! Ongeza kidogo. Kibarua kinaruhusiwa siku 140 kwa mwaka, lakini usikitegemee miezi ya mwanzo. Pesa zisipotimia, ahirisha mwaka mmoja, ukae na Kijerumani.