Kabla Hujalipia Mche, Papasa Kiungo

Juma lililopita nimechuma maembe 64 kwenye mwembe mmoja tu, hapa nyumbani kwangu Mikindani, Mtwara. Ni embe aina ya Kent hasa: shavu moja jekundu, nyama laini isiyo na nyuzi, utamu unaobaki mdomoni. Nimegawia majirani, mama mkwe nimempelekea ndoo nzima, na jikoni bado yapo. Siku ileile niliyochuma nikapata ujumbe wa mwalimu mmoja wa Nachingwea: "Shikamoo mama. Kuna lori la miche huja siku ya gulio. Wana maembe, parachichi, shokishoki, kila kitu. Wanasema miche yote imebebeshwa, miaka mitatu unakula. Nichukue mingapi?"

Marahaba mwanangu. Kubebesha ni kuunga kijiti cha mti mzuri, yaani kikonyo, juu ya shina la mche mwingine; pale vinaposhikana ndipo kiungo. Usichukue hata mmoja mpaka umalize kusoma hapa, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi Januari 2013, na yalinipotezea miaka sita.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamia. Nyumba haijapigwa hata lipu, lakini mimi nilishautamani mwembe mbele ya baraza, kama ule wa kwa baba. Kijana wa miche aliyekuja na lori alikuwa na kisu na embe mkononi. Akakata kipande, akanipa. "Onja mama, hili ndilo utakalokula." Nikaonja. Mpaka leo sijalisahau embe lile. Nikalipia miche kumi papo hapo, shilingi 3,000 kila mmoja, bila kuinama kuutazama hata mmoja. Nilichagua ile mirefu kuliko yote, iliyonifika kifuani, majani yanang'aa. Wala sikujiuliza embe lile nililoonja lilichumwa wapi.

Miaka ya katikati siielezi sana. Ilikuwa ni maji. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja: inaanza Novemba mwishoni au Desemba, ikifika Mei imekwisha, baada ya hapo ni jua tu. Kiangazi cha kwanza nilinunua maji ya mkokoteni nikawa namwagilia kwa kopo, kila mche kopo mbili. Mitatu ililiwa na mchwa. Saba ikasimama.

Desemba 2018 ndipo tulipochuma embe la kwanza. Nililimenya mwenyewe, watoto wamekaa mkekani wananitazama mikono. Lilikuwa dogo kama yai la bata, nyuzi tupu, na lina harufu ya mafuta ya taa. Mdogo wao akalitema. Shemeji yangu akacheka mbele ya wageni, akasema nimepanda kuni. Neno lile ninalo hadi leo.

Nikamwita bwana shamba. Hakuuliza mengi. Alipiga magoti kwenye mwembe wa kwanza, akapangusa udongo na majani makavu, akapapasa shina kwa vidole kutoka chini hadi usawa wa goti. Kisha akaniambia nipapase na mimi. "Unasikia nini, mama?" Sikusikia kitu. Shina limenyooka, laini kama mpini wa jembe. "Huu haujabebeshwa. Umetoka kwenye kokwa." Mitano ilikuwa hivyo hivyo. Na kokwa la Kent ukilipanda halikupi Kent, linakupa bahati nasibu.

Ila mwembe wa sita na wa saba ulikuwa na jambo lake. Ubavuni mwa shina kulikuwa na kijiti kikavu, unene wa penseli, kimezungukwa na kipande cha nailoni kilichozama kwenye gome. Kijiti hicho ndicho kilikuwa kikonyo cha Kent. Kilikufa. Kilichokua badala yake ni chipukizi lililotoka chini ya kiungo, yaani embe la kienyeji lililotumika kama shina la kubebea. Na chipukizi lile nalikumbuka! Nililiona mwaka wa kwanza likitoa majani mekundu mororo, nikafurahi, nikaliongezea maji. Ningelikata siku ile kwa ukucha, kikonyo huenda kingepona. Kwa hiyo mitano nilidhulumiwa, miwili niliiharibu kwa mikono yangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ni watu wa korosho. Kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele kipo hapahapa kwetu, na kubebesha mikorosho si habari ngeni kwa mtu wa Tandahimba wala Newala. Kikonyo tunakijua. Lakini likija suala la embe la nyumbani tunanunua kwa macho na kwa ulimi, kama vile mti wa matunda ni pambo la uani.

Basi mwalimu, inama. Tafuta kovu la kiungo, mara nyingi liko kama shibiri moja juu ya udongo. Gome la juu yake na la chini yake huwa tofauti kwa rangi au unene. Liguse. Usipolisikia, usilipe. Ukiona chipukizi limeota chini ya kovu, ujue mwenye miche haitunzi. Kisha inua kiriba utazame kitako chake: mzizi mnene ukiwa umetoboa na kujikunja huko nje, mche huo umekaa kwenye mfuko muda mrefu kupita kiasi. Mche mzuri wa kubebeshwa unaweza kukufika gotini tu. Urefu usikudanganye, ulinidanganya mimi. Na muuzaji akikukataza kupapasa, ondoka.

Shokishoki na parachichi waachie wenyewe. Shokishoki zinastawi Muheza na Unguja, kwenye unyevu. Kwa kiangazi chetu utaumwagilia mti wake kwa ndoo miaka yote, tena ukiotesha mbegu unaweza kupata mti dume usiozaa kabisa. Parachichi za Hass tunazosikia habari zake Njombe zinataka baridi. Kama hamu ni matunda, weka stafeli, weka mpera, weka mpapai. Mpapai uweke miche mitatu kwenye shimo moja, usubiri maua, ndipo ung'oe madume. Mfenesi uweke mbali na nyumba.

Mimi mara ya pili nilikwenda kitaluni mwenyewe, Desemba 2019, mvua zimeshika. Mzee wa pale alinipeleka kwanza kwenye mti mama anakokata vikonyo, ukiwa na matunda yake. Nilipapasa kila mche mpaka akatabasamu. Nilichukua minne, shilingi 7,000 mmoja, ghali kuliko mara mbili ya ile ya lori. Nikachimba mashimo ya sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, nikachanganya udongo wa juu na samadi iliyoiva, maana samadi mbichi inaita mchwa. Kiungo nikakiacha juu ya udongo, na nailoni nikaikata kilipokwisha kushikana. Kila Jumamosi nilikuwa nazunguka minne yote nikitafuta chipukizi la chini. Maua ya miaka miwili ya mwanzo niliyatoa ili mti upate nguvu. Yaliyofuata yakashikwa na unga mweupe. Nikaujua mara moja, maana ubwiri unga tumekua nao kwenye mikorosho, nikapiga salfa.

Wengine watasema ni embe tu, sokoni yapo. Sikubaliani nao. Mtoto anayechuma kwao hakui kama mtoto anayetazama ya jirani. Mti unahitaji mtu wa kuinama, kusubiri na kutoona aibu kuuliza. Wanaume wa kwetu wanajua bei ya korosho kwa kila mnada, lakini waulize mwembe wa uani ulitoka kwa nani.

Shemeji alikuja Jumanne. Nilimkatia moja, nikamwekea kwenye sahani, sikusema neno. Alikula matatu.

Kwa hiyo mwalimu, siku ya gulio nenda mapema kabla jua halijawa kali, watu wakiwa wachache, upate nafasi ya kupapasa taratibu. Usipopata hata mmoja wenye kovu, rudi mikono mitupu. Ndiyo kwanza Januari, ardhi ina maji, na kitalu cha mtu utakayemkuta palepale mwakani hakikosekani. Ukiupata, nipigie picha ya kiungo kwa karibu unitumie, nitakujibu siku hiyohiyo.