Kisa Kisicho Chako Usikipandishe Jukwaani

Wiki hii nimewasikiliza wazungumzaji wapya watano. Wanne kati yao walianza kwa kuwashukuru waandaaji na kusoma slaidi ya ajenda, huku kisa kizuri walichokuwa nacho kikingoja dakika ya mwisho, hadhira ikiwa imekwisha kuchoka. Wadogo zangu, nawapenda, lakini makosa haya tuliyafanya sisi kabla yenu na hayana haja ya kurudiwa.

1. Anza na kisa chenyewe. Mwaka 2005, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Apple, aliwaambia wahitimu wa Chuo Kikuu cha Stanford kwamba atawasimulia visa vitatu vya maisha yake, basi, na hotuba ikajengwa juu ya visa hivyo.

2. Mhusika mmoja na uamuzi mmoja uliomgharimu vinatosha.

3. Simulia kilicho chako, au omba ruhusa. Hapa nitakaa kidogo. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii, niliombwa kuzungumza na wenzangu kuhusu kuyakabili makosa kazini. Sikuthubutu kusimulia kosa langu, nikachukua la mwenzangu aliyenieleza faraghani jinsi hesabu moja aliyoikosea ilivyomkosesha usingizi wiki nzima. Nilibadilisha jina, nikaona inatosha. Nilisimulia kwa ufundi wote niliojifunza: nikaanzia katikati ya tukio, nikatua palipostahili, nikaiga hata sauti yake. Ukumbi ukanyamaza, nami nikauhesabu ukimya ule kuwa ushindi. Kumbe walikwisha kumtambua, na waliyekuwa wakimtazama ni yeye, katika safu ya tatu, ameinamisha kichwa akiikunja na kuikunjua karatasi ya ratiba. Nilimwona kabla sijamaliza, na bado niliendelea hadi mwisho, kwa sababu mwisho wenyewe ulikuwa mtamu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinisamehe, ila hakunieleza tena jambo lake lolote la ndani.

4. Fanya mazoezi kwa sauti. Sentensi ndefu inayosomeka vizuri kwa macho hukata pumzi mdomoni.

5. Kisa kikiisha, kiache. Juzi mmoja wenu alisimulia vizuri hata nikasahau kuandika dondoo, kisha akatumia dakika nne kutueleza tulichopaswa kuhisi. Nilitamani nipande nimshike mkono, nimshushe angali ameuteka ukumbi.