Je, ng'ombe hupata msongo wa mawazo?

SWALI: Natafsiri kijitabu cha fiziolojia ya mifugo kitakachosomwa na maafisa ugani na wafugaji. Nimekwama kwenye sentensi hii: “Wanyama wa shamba wanapopata msongo wa mawazo kutokana na joto, mmeng'enyo wao hupungua, kotisoli hupanda na huweza kupata homa.” Mwenzangu mmoja anataka niandike “mkazo”, mwingine “shinikizo”, wa tatu anasema niache “stresi” kama ilivyo. Nifuate lipi?

JIBU: Sentensi yako ina matatizo zaidi ya hilo uliloliuliza, lakini tuanze na ulilouliza.

Neno linalokuangusha ni “mawazo”, wala si “msongo”. Mtu husongwa na mawazo kwa sababu anakumbuka deni la jana na kuihofia kesho. Ng'ombe aliyesimama juani mchana kutwa hana hesabu hiyo; kinachomsonga kipo mwilini mwake. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi huitumia tezi ya pituitari ishara, pituitari nayo huzichochea kwa homoni tezi mbili zinazokaa juu ya figo, na tezi hizo humwaga kotisoli kwenye damu. Hilo huchukua dakika. Adrenalini huwa imeshatangulia kwa sekunde chache tu, na ndiyo inayoupigisha moyo mbio. Kotisoli ikifika, ini hutengeneza glukosi (sukari ya damu) zaidi, protini za misuli huvunjwa ili kulilisha ini hilo, na kinga ya mwili hulegea mambo yakiendelea kwa muda mrefu. Hakuna wazo hata moja lililohitajika hapo. (Ikiwa kijitabu chako kina sura ya kuku, usiinakili “kotisoli” huko bila kuangalia: kwa ndege homoni kuu ya kazi hii ni kotikosteroni.)

“Shinikizo” ni neno zuri, ila katika fiziolojia limeshaajiriwa. Shinikizo la damu lina kipimo chake na sura yake, na wakati wa mshtuko huwa linapanda. Utajikuta unaandika kwamba shinikizo humwongezea mnyama shinikizo, na msomaji atafunga kitabu.

Mwenzako anayependa “mkazo” ana hoja ya historia upande wake. Hans Selye, mwanasayansi aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Montreal, mwaka 1936 aliandika barua fupi katika jarida la Nature akieleza jinsi miili ya panya ilivyojibu kwa namna moja madhara ya aina tofauti kabisa: baridi, upasuaji, sumu. Neno lililokuja kumpa umaarufu, *stress* la Kiingereza, lilitoka kwa wanafizikia, wanaolitumia kwa nguvu inayokikaza kitu kama chuma. Shida ni kwamba kwa wanafizikia neno hilo hutaja nguvu inayokaza, ilhali Selye alitaka kutaja kinachoupata mwili uliokazwa. Ikabidi atafute neno la pili kwa ajili ya chanzo, na baadaye alisema kwamba kama angekuwa anakijua Kiingereza vizuri zaidi angechagua neno jingine tangu mwanzo. Sioni sababu ya sisi kurithi mkanganyiko huo. Tena “mkazo” tayari una kazi katika fizikia, una kazi katika isimu, ambako silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo huubeba katika maneno yetu mengi, na katika mwili wa mnyama kuna misuli inayokaza kwelikweli. Ukiandika “mkazo wa nguruwe”, daktari wa mifugo atatazama misuli kwanza.

Kiswahili kina njia rahisi kuliko ya Selye, nayo ni mnyambuliko wa kitenzi. Joto *linamfadhaisha* ng'ombe, ng'ombe *anafadhaika*, hali yake ni *mfadhaiko*. Kiambishi -sh- kinamtaja mtendaji, -ik- kinataja hali ya aliyetendewa, na nomino iliyotokana na -ik- haiwezi kuchanganywa na chanzo. Kwa hiyo jibu langu ni “mfadhaiko” kama neno la jumla, yaani neno la kichwa cha sura na la fasili. “Msongo” peke yake nao haukosei, na wengi wanaandika “msongo wa joto”; mimi naukwepa kwa sababu ulimi wa msomaji utaongeza “wa mawazo” wenyewe. “Stresi” itaje mara moja, kwamba ndivyo wengi wanavyoiita, kisha uendelee.

Utaniambia fadhaa ni ya moyoni. Kweli, na mara nyingine hiyo ndiyo maana hasa inayotakiwa. Ng'ombe akishtuliwa wakati wa kukamuliwa, kwa fimbo, mbwa au mkamuaji mgeni, adrenalini hubana mishipa ya damu ya kiwele na kuizuia homoni ya oksitosini isifanye kazi yake ya kuyashusha maziwa. Wafugaji husema amezuia maziwa, utadhani ameamua. Hapo mfadhaiko unafaa kwa maana zake zote. Lakini mahali ambapo unajua kisa chenyewe, kitaje kwa kitenzi chake: mnyama *amelemewa* na joto, *amechoshwa* na safari, *amehangaishwa* kabla ya kuchinjwa, *wamebanana* bandani. Nomino moja ikitumika kila mahali hufunika tofauti ambazo mfugaji anazihitaji.

Mfano mzuri ni nyama. Ng'ombe aliyehangaishwa kwa saa nyingi kabla ya kuchinjwa huwa ametumia karibu glikojeni yote, yaani sukari ya akiba iliyohifadhiwa kwenye misuli. Akishachinjwa hakuna cha kugeuzwa kuwa asidi laktiki, hivyo pH ya nyama (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi), ambayo kwa kawaida hushuka hadi 5.5 hivi, hubaki karibu na 6 au juu yake. Nyama inakuwa nyeusi, ngumu, kavu kwa kuigusa, na huharibika mapema. Nguruwe aliyetishwa dakika za mwisho tu hupata kinyume: asidi hujaa upesi wakati nyama bado ina joto, protini huharibika, na nyama hutoka imepauka, laini, inayochuruzika maji. Wapo nguruwe waliozaliwa na udhaifu huo. Mwaka 1991 watafiti walionyesha kwamba unatokana na badiliko moja katika jeni inayosimamia mlango wa kalisi (kalsiamu) ndani ya seli za misuli. Sasa, ukiandika “mfadhaiko huharibu nyama” umesema kweli isiyomsaidia mtu. Andika “mfadhaiko wa ghafla” na “mfadhaiko wa muda mrefu”, kwa sababu madhara yamefuata muda.

Nije kwenye “mmeng'enyo”. Hili ni kosa la kweli, si suala la kuchagua. Kumeng'enya ni kukivunjavunja chakula tumboni na kwenye utumbo mpaka kiweze kuingia kwenye damu. Yanayofuata ndani ya seli, kujenga na kuvunja, kuhifadhi na kutumia, ndiyo umetaboli, na huo hausimami hata tumbo likiwa tupu. Ukiwachanganya wawili hawa kwa mnyama anayecheua utapotea kabisa. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe vijidudu huchachusha nyasi, na wanga mwingi huishia kuwa asidi za mafuta nyepesi, hivyo glukosi inayofyonzwa kutoka utumbo ni kidogo. Sehemu kubwa ya sukari ya damu yake hutengenezwa na ini, hasa kutokana na mojawapo ya asidi hizo, propioni. Huo ni umetaboli. Ndiyo maana baada ya kuzaa, maziwa yanapodai glukosi kuliko anachokula, ng'ombe huanza kutumia mafuta ya mwili wake, ini likazidiwa, na miili ya ketoni, mazao ya mafuta hayo kuvunjwa, ikajaa kwenye damu hadi pumzi yake ikanuka kama asetoni. Mmeng'enyo wake unaweza kuwa hauna kasoro kubwa siku hiyo ya kwanza.

Neno “umetaboli” liko katika ngeli ya U: umetaboli *wa* mbuzi, umetaboli *huu*. Na useme “kasi ya umetaboli”, maana kinachopimwa ni nishati kwa muda. Max Kleiber, Mswisi aliyefanyia utafiti wake California, alionyesha mwaka 1932 kwamba kasi hiyo haiongezeki sambamba na uzito: mnyama mwenye uzito maradufu hutoa joto takriban mara 1.7 tu, wala si mara mbili. Kwa hiyo “umetaboli wa ng'ombe ni mkubwa kuliko wa kuku” ni kweli kwa mnyama mzima na si kweli kwa kila kilo, nawe mtafsiri huna budi kusema unapima lipi.

Hata kitenzi “hupungua” kwenye sentensi yako nakitilia shaka. Ng'ombe aliyelemewa na joto hula kidogo, na joto linalotoka tumboni kwa uchachushaji hupungua. Hiyo ni sawa. Lakini upungufu wa maziwa hauelezwi wote na kula kidogo. Ng'ombe mwenye njaa hushusha insulini na kutumia mafuta yake, wakati huyu wa juani insulini yake huelekea kupanda na mafuta yake hayatumiki kwa kiasi ambacho ungetarajia. Na kule kuhema kwa kasi nako kunakula nishati. “Hubadilika” ndicho kitenzi cha haki.

Imebaki “homa”, na nduguye “joto”. Homa ni mwili wenyewe kupandisha kiwango unachokilinda, mara nyingi kwa sababu ya maambukizi. Mnyama aliyelemewa na jua hajapandisha kiwango chochote. Ameshindwa kulitoa joto, na dawa ya kushusha homa haitamfaa, kinachomfaa ni kivuli, maji na upepo. Andika “joto la mwili hupanda”. Lugha ya mifugo ina jina moja linalovunja kanuni hii, nalo ni “homa ya maziwa”: ugonjwa wa kalisi kushuka kwenye damu wakati wa kuzaa, ambapo ng'ombe hulala asiweze kuinuka, masikio yamepoa, na joto la mwili mara nyingi liko *chini* ya kawaida. Jina hilo usilibadilishe, limeshazoeleka. Ongeza tu sentensi ya kumwonya msomaji kwamba ugonjwa huo si homa.

“Joto” lina mtego mwingine. Kwa mfugaji, ng'ombe “aliye kwenye joto” ni yule anayetaka dume, na “dalili za joto” ni zile za kupanda wenzake na kulialia. Hali ya hewa ya joto kali hufupisha na kufifisha dalili hizo, na kijitabu chako bila shaka kitalieleza jambo hilo. Jaribu kuliandika bila kujihadhari: “joto hupunguza joto”. Tumia “joto kali la hewa”, “joto la mwili” na “joto la kupandwa”, kila moja kwa jina lake kamili, hata kama sentensi itarefuka. Kwa kuku mtego ni jasho: hawana tezi zake, hivyo hutweta mdomo wazi. Kutweta huko hutoa kaboni dioksidi nyingi kupita kiasi, damu inakosa baikaboneti ya kutosha kutengenezea ganda, na maganda ya mayai yanakuwa membamba. Usiwatoe jasho kwenye tafsiri.

Sentensi yako basi ningeiandika hivi: “Mifugo wanapolemewa na joto kali hula kidogo, umetaboli wao hubadilika, kotisoli huongezeka katika damu hasa mwanzoni, na joto la mwili huweza kupanda.” Nimeacha “wanyama wa shamba” kwa kuwa mifugo ndilo neno, na linawabeba kuku pia. Nimewapa upatanisho wa A-WA kama tunavyosema “mitume wale”, umbo ni la M-MI lakini wenyewe wana uhai. Utasikia na kusoma sana “mifugo imekufa”, na sitakupigia kelele ukiichagua. Kinachokera ni “mifugo hii wamekufa” katika aya moja.