Maswali ya wasomaji: "if", "although" na jamaa zake

Nimekosolewa kwa kuandika "If I would have money, I would buy a car". Mbona kwa Kiswahili ni "Ningekuwa na pesa, ningenunua gari", -nge- mara mbili?

Hapa ndipo wengi wetu huteleza. Kiswahili hutia -nge- pande zote mbili, lakini Kiingereza hugawa kazi. Upande wa sharti, wenye "if", kitenzi huvaa umbo la wakati uliopita, na "would" hubaki upande wa matokeo: "If I had money, I would buy a car."

Hiyo "had" haizungumzii jana. Inasema pesa sina, sasa hivi. Umbo la wakati uliopita hapa linaonyesha kwamba jambo liko mbali na ukweli, na ukilishika hilo mengine yatakuja yenyewe. Kama nafasi imeshapita, rudi nyuma hatua moja zaidi: "If I had had money, I would have bought a car." Usiogope "had had": ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, ya pili ndiyo yenye maana ya kuwa na kitu.

Ni kweli, "if I would have" utaisikia midomoni mwa wenye lugha yao, hasa Marekani. Kwenye mtihani iepuke.

"If I was" au "if I were"?

Katika maandishi rasmi, "were" kwa nafsi zote. Katika mazungumzo "was" inapita, ila "if I were you" iache ilivyo.

Nimekutana na "Had I known, I would have called". "If" imekwenda wapi?

Imedondoshwa, na "had" ikaruka mbele ya mtenda ili kuziba pengo. "Were" na "should" nazo hufanya hivyo. Ukikanusha, "not" ikae peke yake: "Had I not known", si "Hadn't I known".

Je, "Although it rained, but we played" ni sahihi?

Hapana. Sisi husema "ingawa... lakini" bila tatizo, Kiingereza hutaka moja tu. Chagua "although" au "but". Ukitaka mkazo, "still" inaruhusiwa: "Although it rained, we still played."

"Even if" na "even though" zinanichanganya.

"Even though he is rich": ni tajiri, hilo halina ubishi. "Even if he is rich": huenda ni tajiri, huenda siye, msimamo wangu haubadiliki. Sasa tazama "Even if I had known, I would have gone." Sikujua, nilikwenda, na hata ningalijua ningalikwenda. Sentensi moja imebeba yote mawili, jambo lisilotokea na kutojali kizuizi. Naipenda sana kwa kufundishia.

"Despite of" ipo?

Haipo. Ni "despite the rain" au "in spite of the rain". Ukihitaji kitenzi, kipe -ing: "despite being tired".