Kodi ya Python inakubali kwenye Windows, inagoma kwenye seva: angalia aina ya namba

Mkuu, umesema grafu yako (mtandao wa nodi, yaani vituo, na njia zinazoviunganisha) ya vituo vya daladala, Mbagala mpaka Tegeta, inafanya kazi kwenye laptop ya Windows, lakini kwenye seva ya Linux maktaba ya grafu unayoitumia inalalamika kwamba ilitarajia int ikaletewa long, aina mbili za namba kamili. Usihangaike kuisakinisha upya. Maktaba ni nzima.

Shida ni hiyo astype(int) uliyoandika kugeuza namba za vituo kuwa namba kamili. Kwenye NumPy (maktaba ya Python ya safu za namba) za kabla ya toleo la 2.0, int ya kawaida ni biti 32 ukiwa Windows na biti 64 ukiwa Linux. Maktaba yako imeandikwa kwa C, inasoma kumbukumbu ya kompyuta moja kwa moja bila kukugeuzia chochote, kwa hiyo ukubwa ukipishana inagoma. Taja ukubwa wenyewe: astype("int32").

Ila kabla ya hapo zitazame namba zako, maana mimi hapo ndipo nilipoumia. Nilikuwa natengeneza mtandao wa wauzaji wa jumla Kariakoo na wateja wao, nikafanya namba za simu kuwa namba za nodi. Namba inayoanza na 255 ina tarakimu 12, wakati int32 inaishia 2,147,483,647. Kosa lilitoweka kweli, nikakabidhi kazi. Kumbe NumPy ilizikata namba kimyakimya, nyingine zikawa hasi, na mwenye duka akanipigia kuuliza hawa wateja asiowajua wametoka wapi. Niliona aibu sana.

Tangu siku ile kila nodi naipa namba mpya kuanzia 0 kwa pandas.factorize (amri ya maktaba ya pandas), ndipo nabadilisha kuwa int32. Unganisha kwanza safu ya "kutoka" na ya "kwenda" uzipitishe pamoja. Ukizipitisha mbalimbali, Ubungo itakuwa 3 upande huu na 7 upande ule, na grafu itajengeka vibaya bila kosa lolote kutokea.

Futa pia mistari yenye nafasi tupu mapema. Nafasi moja tupu kwenye CSV (faili lako la data) inageuza safu nzima ya namba kuwa float64 (namba za desimali), na factorize huipa nafasi hiyo -1, ambayo kwa NumPy maana yake ni kipengele cha mwisho.

Umbali kati ya vituo uache float64.

Ukimaliza, chapisha dtype (aina ya namba) za safu zote mbili, "kutoka" na "kwenda", ukiwa kwenye seva, uziweke hapa tuzitazame.